Mgongo wa Mama Voahangy

Kila jioni wakati wa baridi, mpunga ukishavunwa, kijiji chetu cha Ankazomena kilikuwa na kazi moja tu: kusikiliza mazoezi. Kundi letu la nyimbo lilikutana uani kwa akina Voahangy. Sisi watoto tulijibanza kwenye ngazi za matofali, tumejifunika shuka moja watu watatu, tukinywa maji ya moto ya ukoko wa wali. Mpaka leo nikisikia harufu ya ukoko, masikio yangu huanza kutafuta ngoma na tarumbeta. Ah, siku zile!

Voahangy na mimi tulikuwa marafiki wa chanda na pete. Tulisoma darasa moja, lakini yeye alikuwa na kichwa chepesi kuliko sisi sote. Wimbo akiusikia mara mbili, umeshaingia. Akichota maji anaimba, akipepeta mchele anaimba. Aliimba sehemu za wanaume, akaimba za wanawake, na hata hotuba ya Mzee Rainivelo, mkuu wa kundi, aliijua yote pamoja na kikohozi chake.

"We mtoto," Mzee Rainivelo alikuwa akimtania, "utayamaliza maneno yetu kabla hatujafika uwanjani!"

"Nitawaachia kidogo, babu," Voahangy alijibu, na uani pote watu wakacheka.

Mwaka ule Bibi Razafy, aliyeongoza nyimbo za hadithi tangu mama zetu hawajaolewa, sauti ilimkauka. Akasema basi, sasa na yeye atakaa na watazamaji. Watu walipouliza nani atashika nafasi yake, alimnyooshea kidole mama yake Voahangy.

Mama Voahangy! Huyo alikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Miaka yote alikuwa akishona majoho mekundu ya wanaume na magauni marefu ya wanawake. Aliimba kwa sauti ya chini akiwa ameinamia cherehani, asijue kwamba Bibi Razafy husimama chini ya dirisha kumsikiliza.

"Mimi? Mbele ya watu? Bibi, unanitakia mabaya wewe," alisema.

"Ukiwaogopa watu, niangalie mimi," Bibi Razafy alimjibu. "Nitakaa upande wa magharibi, mbele kabisa."

Kwetu waimbaji husimama katikati ya uwanja, na watu huwazunguka pande zote nne. Kwa hiyo huimba huku wakigeuka. Kipande hiki wanawaelekea watu wa mashariki, kinachofuata wanawaelekea wa kusini, hivyo hivyo mpaka wazunguke. Kila upande unapata zamu ya kutazamwa usoni, na unapata zamu ya kutazama migongo.

Mama Voahangy alipewa wimbo wa baba mmoja aliyeamka na kukuta zizi tupu. Mwanawe anamwambia ng'ombe wameibwa na wezi. Baba anauza mashuka yake, anauza jembe lake, anatembea vilima na vilima akiwatafuta. Kumbe aliyewauza ng'ombe ni mwanawe huyo huyo! Lakini siri hiyo hufichwa mpaka kipande cha mwisho kabisa.

Asubuhi ya mashindano niliwapitia nyumbani kwao. Mama Voahangy alikuwa akikaza mshono wa mwisho wa gauni lake.

"Nikishindwa leo, sirudi tena uwanjani," alimwambia binti yake. "Nitabaki na cherehani yangu, na nisisikie mtu akinibembeleza."

"Hutashindwa, mama! Leo watu wote watajua wewe ni mama yangu," alisema Voahangy.

Uwanja ulikuwa umejaa hadi watoto wengine wamepanda juu ya ukuta. Wapinzani wetu walikuwa kundi la Ambohitsoa, na kwa kawaida mshindi alijulikana kwa shangwe za watu. Tuliketi upande wa magharibi, nyuma ya Bibi Razafy, tukiwa na karanga zetu za maganda. Mbele yetu kulikuwa na baba mmoja aliyefungua mwavuli mkubwa kujikinga jua.

"Baba, tunaomba ushushe mwavuli!" Voahangy alipaza sauti. "Wenzako tutaona nini?"

Yule baba akaushusha kidogo huku akinung'unika.

Ambohitsoa walitangulia. Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini kila walipogeukia mashariki, upande wetu uligeuka kuwa soko. Huyu anamenya karanga, yule anamsimulia mwenzake habari za harusi, na Voahangy anaigiza jinsi mpiga tarumbeta wao anavyovimbisha mashavu. Bibi Razafy aligeuka akatutazama.

"Nyie watoto, wenzenu wanaimba."

"Lakini Bibi, si wametugeuzia mgongo?" Voahangy alijibu. "Hawatuoni!"

Bibi Razafy akafungua kinywa amjibu, lakini tarumbeta zikalia na watu wakainuka kushangilia. Ilikuwa zamu ya kundi letu.

Mama Voahangy alianza kwa sauti ndogo sana. Aliimba akielekea mashariki, akaimba akielekea kusini. Alipofika upande wetu alimwona Bibi Razafy, na hapo sauti ikafunguka. Jamani! Nilihisi baridi mikononi ingawa jua lilikuwa kali. Voahangy alinibana mkono kwa nguvu. "Ni mama yangu yule," alimwambia kila aliyekuwa karibu. "Mama yangu mzazi!"

Kisha waimbaji wakageuka, tukabaki na migongo yao. Voahangy akashindwa kujizuia.

"Sasa baba anauza mashuka," alitutangazia. Na kweli, kufumba na kufumbua, katika wimbo baba akauza mashuka. "Sasa jembe!" Baba akauza jembe. Watoto walimtazama kwa mshangao, na kadiri walivyomtazama ndivyo alivyozidi kupaza sauti.

"Na ng'ombe wako wapi?" akauliza Tovo, mtoto wa mwashi.

"Kawauza mwenyewe mtoto wake! Kanunulia kofia!" alisema Voahangy, akaiga sauti nzito ya Mzee Rainivelo na kumalizia na kile kikohozi.

Upande mzima wa magharibi ukaangua kicheko. Hata yule baba mwenye mwavuli alicheka mpaka akajishika mbavu. Na wakati huo huo, katika wimbo, baba maskini alikuwa amepiga magoti kwenye zizi tupu, analia.

Nikauona mgongo wa Mama Voahangy ukikakamaa. Mkono wake ukarudi nyuma taratibu, ukapapasa mshono wa gauni kuanzia shingoni hadi kiunoni. Sauti ikashuka, ikakwama, ikanyamaza. Fidla iliendelea kidogo peke yake kisha nayo ikaacha. Mashabiki wa Ambohitsoa wakapiga miluzi. Mama Voahangy akatoka uwanjani ameinamisha kichwa.

"Mbona ameacha?" Voahangy aliniuliza.

"Amesikia tunacheka."

"Lakini hatukumcheka yeye!"

"Atajuaje, Voahangy? Alikuwa ametugeuzia mgongo."

Karanga zikamdondoka mkononi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile.

Wakati wa mapumziko tulikwenda nyuma ya mikeka iliyotundikwa, walikovalia waimbaji. Kila kundi lilikuwa na zamu nyingine alasiri. Tulimkuta Mama Voahangy ameshavua gauni lake na kulikunja vizuri juu ya kikapu.

"Mpeni mwingine, mzee," alikuwa akimwambia Mzee Rainivelo. "Sauti yangu ni ya jikoni. Mmesikia wenyewe walivyonicheka."

"Mama, ni mimi," alisema Voahangy. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mimi ndiye niliyewachekesha. Nilikuwa natangulia kusema maneno yako, halafu nikamwiga babu. Hawakukucheka wewe. Sauti yako ilikuwa nzuri, mama."

Mama yake aliligeuza lile gauni, akautazama mshono wa mgongoni.

"Nilidhani gauni limefumuka," alisema polepole. "Nilisimama pale najipapasa, Voahangy. Mbele ya watu wote hao. Na kumbe ni wewe?"

"Nilitaka wajue wewe ni mama yangu."

"Ungewaacha wanisikilize, wangejua."

Hapo Voahangy alilia kwa sauti, na mimi nikalia naye. Mzee Rainivelo alisafisha koo, akakohoa kile kikohozi chake. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nisikilize, mjukuu wangu," alisema. "Hapa kwetu nani hufungua kinywa mbele ya watu bila kuomba radhi kwanza? Mimi na mvi zangu hizi, kila nikianza hotuba naomba radhi, hata kwa makosa nisiyoyajua. Wewe la kwako unalijua. Tukirudi uwanjani, utasimama badala yangu uombe." Kisha akamgeukia Mama Voahangy. "Na wewe vaa gauni lako. Ukishamsikia, ndipo uamue kama utaimba."

Alasiri ngoma zililia, na Mzee Rainivelo akaingia uwanjani amemshika Voahangy mkono. Watu wakaanza kunong'ona. Wakamwona yule rafiki yangu msemaji, aliyezoea kuwaiga wakubwa wote kijijini, amesimama pale katikati. Alielekea upande wetu.

"Wazazi wangu, kaka zangu, dada zangu," alianza. "Mimi ni mdogo, sistahili kusimama mbele ya wakubwa. Asubuhi niliharibu wimbo. Kile kicheko mimi ndiye niliyekianzisha. Gauni la mwimbaji halikuwa na kasoro, wala sauti yake. Naomba radhi kwenu, na naomba radhi kwa mama yangu."

"Hatusikii huku!" sauti ikatoka mashariki. "Geukia na huku, binti!"

Ikabidi ageuke aanze upya. Alipotugeuzia mgongo tu, Tovo akamsukuma mwenzake, akanong'ona kitu, wakacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu. Lakini niliona shingo ya Voahangy ikikakamaa, na mkono wake ukarudi nyuma, ukashika gauni lake, vile vile kama mama yake asubuhi. Maneno yakamkwama.

Nilimziba Tovo mdomo kwa kiganja changu. Bibi Razafy naye aligeuka, na jinsi alivyotutazama, hata yule baba alifunga mwavuli wake kabisa na kuuweka chini ya miguu.

Voahangy akaliachia gauni, akaanza tena. Akaomba radhi mashariki, akaomba kusini, akaomba kaskazini. Alipomaliza, watu wa pande zote walijibu kwa sauti moja, "Umesamehewa!"

Tukageuka kutazama mikeka. Mara mkeka mmoja ukasogea, na Mama Voahangy akatoka na gauni lake. Alipita karibu na binti yake, akamgusa kichwani, akaenda kusimama mahali pake.

Aliimba wimbo ule ule tangu mwanzo. Alipotugeuzia mgongo, upande wetu ulikaa kimya. Hakuna aliyemenya karanga. Mama mmoja alimtoa nje mtoto wake aliyekuwa akilia, akarudi baadaye kwa kunyata. Niliona mkono wa Mama Voahangy ukianza kurudi nyuma kutafuta mshono, kisha ukasita, ukashuka taratibu. Siri ya wimbo ilikuwa imeshavuja tangu asubuhi, lakini kipande cha mwisho kilipofika, wazee walilia kama hawajawahi kuisikia.

Nani alishinda? Ambohitsoa watakwambia wao, sisi tutakwambia sisi, na ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukipita kwenye tuta la mashamba ya mpunga. Voahangy alikuwa amembebea mama yake gauni.

"Mama," alisema, "Tovo aliponicheka, nilisikia kila kitu. Nilidhani ukiwa kule katikati husikii."

"Unasikia kuliko mtu yeyote," mama yake alimjibu. "Mwimbaji akikugeuzia mgongo, hajakuacha. Anawaimbia wenzako, na wewe anakuamini ingawa hakuoni. Mtu akiimba au akiigiza, mpe utulivu mpaka amalize, na mwache jirani yako naye asikie. Hata kama wimbo unaujua wote, kuna aliyekuja kuusikia kwa mara ya kwanza. Ya kusema utayasema baadaye, hayataoza."

"Na kumwiga babu?" Voahangy aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hilo uniulize mimi!" Mzee Rainivelo alisema kutoka nyuma yetu. "Niige, lakini uani. Na kikohozi bado hujakipatia."

Tulicheka njia nzima.

Miaka mingi imepita. Bibi Razafy na Mzee Rainivelo wametutoka, na anayeongoza nyimbo za hadithi sasa ni Voahangy mwenyewe. Msimu uliopita nilirudi nyumbani, nikaenda uwanjani kama zamani. Vijana wengine walikuwa wameinua simu zao juu, bila kujali kwamba wanawazuia walio nyuma. Mama Voahangy, mzee sasa, alikuwa amekaa upande wa magharibi, mbele kabisa. Nikaketi karibu naye.

Voahangy alituimbia, kisha akageuka, akawaimbia watu wa upande mwingine. Nikainama nimwambie yule mama kwamba sauti ile ni yake kabisa, ni ile ile ya pale kwenye cherehani.

Hakuniruhusu hata nianze. Aliniwekea kidole mdomoni, macho yake hayakutoka kwenye mgongo wa binti yake, na nikanyamaza mpaka mwisho wa wimbo.