Bahasha ya Babu Théodule

Kila Jumatano mchana, shule ikifungwa mapema, Apolline alikwenda kwa babu yake mtaani Meyrin kumenya matufaha na kusikiliza malalamiko.

Babu Théodule alikuwa fundi mstaafu wa mabomba katika maabara kubwa ya fizikia. Kwa miaka ishirini alikuwa akikokotoa nadharia yake ambayo hakuna aliyeisoma. Ilisema kwamba kuna chembe nzito isiyowahi kuonekana, yenye uzito sawa na protoni 412. Alifuata desturi ya maabara: kabla ya matokeo ya jaribio kutoka, andika nambari yako, ifunge ndani ya bahasha, mpe mtu mwingine aitunze. Mtunzaji alikuwa Apolline.

Jumatatu matokeo yalitoka. Wataalamu walikuwa wametafuta hadi uzito wa protoni 450, wasione kitu.

Apolline alikuwa amechoshwa na utani wa wenzake shuleni. "Vipi, babu yako keshaikamata chembe yake?" Basi akaichana bahasha, akaiga mwandiko wa Babu na kuandika 612, uzito ambao maabara haikuwa imeufikia, kisha akaifunga karatasi hiyo ndani ya bahasha mpya. Alidhani Babu angefurahi kwamba nambari yake haijakataliwa, na kunyamaza.

Jumatano, Bi Ruchonnet, jirani mwanafizikia, alikuja kushuhudia. Babu alifumba macho, akasali, akafungua bahasha.

"Ala! Nani kaandika upuuzi huu?"

"Si mwandiko wako, Mzee Théodule?"

"Mwandiko wangu, hesabu si yangu! Nadharia yangu inatoa 412 tu. Hata uikamue kama ndimu, haitoi nyingine!"

Machozi yalimtoka Apolline. "Ni mimi, Babu. Sikutaka wakucheke tena."

"Yesu wangu! Waache wacheke! Nimechekwa miaka ishirini, nimekonda?" Akalipiga tumbo lake. Kisha akaandika kwenye jalada la daftari lake la nadharia, kwa herufi kubwa: 412, HAIPO. NIMEKOSEA.

Bi Ruchonnet alishusha pumzi. "Wanaoniletea nadharia zao wananichosha. Matokeo yakiwakataa, wanasogeza nambari. Wewe umeiacha palepale. Nipe daftari, nitalisoma."

Babu alimgeukia mjukuu wake. "Umesikia? 412 ni kosa langu. Naweza kulifuata mpaka lilipoanzia. 612 ni uongo, hata sijui niushike wapi. Ukimpenda mtu, usimfichie kosa lake."

Akamsogezea kisu. "Haya, menya. Na leo usinikatie maganda manene!"