Nondo wa Njano, Nondo wa Kahawia

Foleni ya mashine ya kutolea pesa ilikuwa imefika barabarani, na aliyeizuia ni mwanamume wa shati jeupe lililonyooka, amejikunja kumpiga picha nondo aliyetua ukutani.

"Kaka, unatoa pesa au unampigia mdudu picha ya pasipoti?" msusi aliuliza nyuma yake.

"Samahani, dada. Huyu wa kahawia sijawahi kumwona."

"Mimi namwona kila asubuhi kwenye ukuta wa saluni. Hulala kichwa chini."

Mwanamume, mfamasia wa duka la jirani, akageuka. Nondo akaruka zake, hakuna aliyemtazama.

Zikaanza simu, kisha Jumapili za kupekua majani, msusi na gauni lake la maua.

"Mpenzi, hesabu madoa ya bawa."

"Hesabu wewe, mimi nakuhesabu kope."

Siku moja mfamasia akatangaza kwenye kundi lao la simu la wapenda wadudu kwamba nondo wa kahawia na wale wa njano waliowakuta majanini ni aina mbili. Pongezi zikamiminika. Msusi alizisoma akiwa na kichwa cha mteja mkononi. Yeye alikuwa amefuga mayai ya jike mmoja kwenye kopo la mafuta ya nywele, na rangi zote mbili zilikuwa zimetoka. Akaandika palepale: "Ni aina moja. Wa njano ni dume."

Simu ikaita.

"Mpenzi, futa. Umeniaibisha."

"Nifute ukweli?"

"Yaani msusi ndiye wa kunifundisha wadudu?"

Msusi akaachia nywele za mteja. "Vidole hivi hutenganisha nywele moja moja. Vitashindwa na mabawa manne? Sifuti." Akakata.

Wiki tano, kimya.

"Ungefuta tu, shoga," mwenzake wa saluni alimwambia. "Umpoteze mwanamume kwa ajili ya dudu?"

"Aende. Nikifuta hili leo, kesho nitafuta lipi?" Macho yalimchoma. Akakaza msuko hadi mteja akaomba huruma.

Kisha ujumbe ukaingia kundini: "Nimefuga mayai mwenyewe. Nilikosea. Aliyenisahihisha ni msusi, na nilimdharau kwa kazi yake."

Hajamaliza kuusoma, mwenye ujumbe akawa mlangoni, mbele ya wateja wote.

"Nataka kukuoa."

"Ukikosea, nitasema."

"Najua."

"Hadharani."

"Nilikosea hadharani."

Msusi akamsogezea kiti kwa mguu. "Kaa. Nikimaliza kichwa hiki tunakwenda kwa mama. Utamweleza mwenyewe kwa nini nimekonda."