Kura Mbili za Noeline

Athol Tulloch alivaa tai kwa mambo matatu tu: harusi, mazishi na uchaguzi. Alikuwa mfugaji wa kondoo kusini kabisa mwa New Zealand. Kila baada ya miaka mitatu, Jumamosi ya kupiga kura, aling'arisha viatu, akaenda na mkewe Noeline hadi ukumbi wa shule. Mlangoni kina mama waliuza keki. Majirani walimjua, na hawakumwacha apite hivi hivi.

"Umekuja kuzika kura nyingine, Athol?"

Athol alicheka, akanunua keki ya tangawizi, akaingia.

Chama chake kilikuwa kidogo. Siku hizo kila jimbo lilitoa mbunge mmoja, yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake. Kura za walioshindwa hazikumpeleka mtu bungeni. Mwaka 1981 chama hicho kilipata kura moja kati ya kila tano nchini. Bunge lilikuwa na viti tisini na viwili. Chama kikapata viwili. Athol alizima redio ya jikoni, akatoka kulisha mbwa.

Mwaka 1993 wananchi waliulizwa kama wanataka mfumo mwingine. Wengi walikubali, Athol akiwa mmoja wao. Lakini hakuishi kuuona ukifanya kazi. Uchaguzi wa kwanza wa mfumo mpya ulipofika, Oktoba 1996, Noeline alikuwa na miaka miwili ya ujane. Alitaka jambo moja tu: kura yake impeleke mtu bungeni, walau mara moja maishani.

Wiki ya uchaguzi ilikuwa ya kukata mikia ya wanakondoo. Jirani na shoga yake, Ngaire, alikuja kusaidia, na mchana wakaketi jikoni kunywa chai pamoja na Murray, mtoto wa Noeline. Ngaire alikuwa karani wa kituo cha kura kwa miaka ishirini.

Noeline aliwaeleza mpango wake. Safari hii angepewa kura mbili. Ya mgombea wa jimbo angempa mtu wa chama cha Athol, ambacho sasa kilikuwa kimeungana na vyama vingine vidogo. Ya chama angekipa chama kimoja kikubwa, si kwa mapenzi, ila kwa kuwa hakimuudhi sana.

"Ndivyo ilivyo," Murray alisema. "Moja unampa umpendaye. Ya pili unampa unayeweza kumvumilia."

Ngaire aliweka kikombe chini. "Nani kakufundisha hayo, Murray?"

"Kila mtu anasema hivyo kilabuni."

"Basi kilabu kizima kitakosea." Akamgeukia Noeline. "Shoga, usiniambie unamchagua nani, sitaki kujua. Lakini kura ya chama si chaguo la pili. Hiyo ndiyo kubwa."

Alichora karatasi ya kura nyuma ya bahasha: safu ya kushoto vyama, ya kulia wagombea. Kisha akaivuta keki iliyokuwa mezani.

"Hili ni Bunge. Viti mia moja na ishirini. Kura ya chama ndiyo inayokata keki. Chama kikipata kura kumi katika kila mia, kinapata vipande kumi na viwili hivi, hata kama kimeshindwa karibu majimbo yote. Watu wake wanachukuliwa kutoka kwenye orodha ya chama. Kura ya jimbo inaamua tu nani atatusemea sisi wa huku."

Noeline aliuliza kama hata chama cha watu watatu kitapata kipande. Ngaire akasema hapana. Ni lazima kifikishe kura tano katika kila mia, au kishinde jimbo lolote moja.

Noeline aliivuta bahasha kwake. "Kwa hiyo nilitaka kuwapa keki watu wengine, na wetu niwape heko."

"Na heko hailiki," Ngaire alisema.

Murray aliiomba bahasha. Jioni hiyo aliipeleka kilabuni.

Jumamosi Noeline alienda ukumbini peke yake. Harufu ya sakafu ilikuwa ile ile, na kwa kitambo alimngoja mtu amshike kiwiko, kama Athol alivyozoea. Kisha akaingia kwenye kibanda. Aliweka alama ya vema upande wa kushoto, kwenye chama alichokitaka kweli. Upande wa kulia alimchagua mgombea aliyeona atalifaa jimbo.

Gazeti la Jumatatu lilitoa hesabu. Muungano ule wa chama cha Athol ulipata kura kumi hivi katika kila mia. Ulishinda jimbo moja tu nchi nzima, lakini ulipata viti kumi na vitatu. Kumi na viwili vilitoka kwenye orodha. Noeline alisoma mara mbili, akamsomea na Murray.

Februari iliyofuata, mmoja wa wabunge hao wa orodha alifanya mkutano mjini Gore, kuhusu basi la wagonjwa waendao hospitali. Noeline aliketi mstari wa mbele. Mwenyekiti alipomwomba ajitambulishe, alisimama na kumgeukia mbunge.

"Mimi si mwenyeji wa jimbo lako, maana huna jimbo," alisema. "Mimi ni mmoja wa waliokupeleka bungeni. Sasa tuanze na basi."