Kompyuta Mia Sita, Jibu Moja

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ndiye aliyenichongea kwa profesa!

Niliwakuta ofisini wawili tu, michoro ya kazi yangu imejaa kwenye skrini. Aliponiona akainamisha macho... Niliumia, sitaki kuwadanganya.

Ila msinionee huruma kwanza.

Mimi na mdogo wangu ni wanafunzi wa profesa huyo, tuko kundi moja la utafiti, tunatafuta chembe ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Hesabu zake kompyuta ya mezani haiziwezi, kwa hiyo tunakodi kompyuta mia sita zilizo mbali huko, tunazitumia kwa mtandao. Kila mtu ana mgao wake wa saa za kuzitumia. Ukiumaliza, unasubiri mwaka ujao.

Wangu niliumaliza wote, na majibu yakatoka mazuri ajabu. Kompyuta zote mia sita zimekubaliana! Nikawa natembea kifua mbele.

Siku tatu kabla ya kuwakuta ofisini, mdogo wangu aliniambia kwa upole kwamba majibu yale yanafanana kupita kiasi. Nikamwambia ana wivu.

Sasa namkuta pale.

"Umekuja kunichoma?"

"Kaka, nisikilize kidogo..."

"Nimeshasikia."

Kiongozi wa kundi ni mimi. Sikumwuliza profesa wala nani. Nilirudi mezani kwangu, nikafuta akaunti ya mdogo wangu na kuzima kila kompyuta iliyokuwa chini ya jina lake. Roho kwatu.

Kesho yake asubuhi nikafungua mafaili mawili ya majibu yangu, kila moja limetoka kompyuta yake, nipate ushahidi wa kumwumbua mbele ya kundi zima.

Yalikuwa sawa... namba kwa namba. Nikafungua la tatu. Vilevile.

Jamani, kila kompyuta ilitakiwa ipewe namba yake ya kuanzia, ili kila moja ibahatishe kivyake. Mimi nilizipa zote namba moja! Ni kama kumwuliza mtu mmoja swali mara mia sita, halafu ukatangaza kwamba watu mia sita wamekubali.

Nikajikokota hadi kwa profesa, nikakiri.

"Najua," akasema. "Mdogo wako alikuwa anairudia kazi yako kwa saa zake mwenyewe. Jana alikuja kuniomba nisikuaibishe. Zilibaki saa tatu imalizike."

Nikauliza hiyo kazi iko wapi, ingawa jibu nilikuwa nalo. Kompyuta zile za kukodi ukizizima, zinaondoka na kila kitu.

"Na saa zake?"

"Zimekwisha. Mwaka huu hahitimu."

Nilimpigia simu nikiwa pale pale koridoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikaishia kulia kama mtoto.

"Basi, kaka, nyamaza," akaniambia. "Watu watakusikia."

Hata hapo alikuwa ananisitiri, ndugu zangu. Mimi!

Naona aibu kuandika haya, lakini nimeandika. Mtu wako akikwambia umekosea, fungua kazi yako kabla hujafungua mdomo.