Chumvi Ukingoni mwa Tangi

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, hata halikustahili kuitwa kosa: kiti cha pweza, kile kiumbe cha bahari chenye umbo la nyota, kilitoka mafichoni tangini mchana, taa zikiwaka, kikajilaza juu ya jiwe na kukunjua mikono yake mitano kama mwenye nyumba.

Si kawaida yake. Aina ile, yenye mikono myembamba kama mijeledi, huukimbia mwanga kuliko mende. Ukiibana hujikata mkono, ikakuachia, ikaenda kuotesha mwingine. Digrii aliyajua yote hayo. Alikuwa na shahada ya viumbe vya baharini, second upper kabisa, na kazi pekee iliyompata tangu ahitimu ni kusugua ukungu kwenye vioo vya tangi la shemeji yake, bwana aliyedhani matumbawe ni plastiki. Hata hilo jina la Digrii alipewa na shemeji, na hakulipewa kwa heshima.

Tangi lilikaa sebuleni, mkabala na cherehani ya dada yake. Kiti cha pweza hakikununuliwa. Kilikuja kimejificha ndani ya mawe, mgeni asiyealikwa. Na kila asubuhi dada alifunua tangi akatia konzi ya chumvi, mpaka ukingo wa kioo ukaganda weupe kama jasho lililokaukia kwenye fulana.

"Dada, unataka kumchemsha supu?" Digrii alimfuma siku hiyo. "Tangi likipungua, yanapungua maji. Chumvi haipai na mvuke. Basic chemistry! Unaongeza maji matupu, finish."

"Aliyetuuzia mawe alisema chumvi isishuke," dada alinong'ona, jicho kwenye kioo. "Alisema kuna kitu humo, chumvi ndiyo imekifunga."

"Muuza mawe! Naye ni profesa wa wapi?"

"Mimi nimekusomesha wewe, mdogo wangu, sikujisomesha mwenyewe. Acha tu kilivyo."

Ni kweli. Mkono wa kulia wa dada ulishona sare za shule mbili nzima ili yeye avae joho. Lakini Digrii alikuwa na dharau ya kugawia mtaa mzima na ikabaki. Dada alipotoka, alichota nusu ya maji, akajaza maji matupu, akapangusa ukingo kwa kitambaa huku akipiga mluzi. Akapima. Kipimo cha chumvi kikasoma thelathini na tano kamili, sawa na bahari.

"Perfect," alisema. "Wajinga ndio waliwao."

Kesho yake saa sita mchana, cherehani ilinyamaza katikati ya mshono.

"Mdogo wangu." Sauti ya dada ilikuwa ndogo. "Mkono wangu hautaki."

Digrii alianza kumjibu kwa kejeli, ndipo harufu ikamfika, harufu ya ufuko maji yakishakupwa na vilivyoachwa vikaoza juani, na nyuma ya harufu mlio, tik, tik, kama kucha juu ya kioo, ila haukutoka kwenye tangi bali mezani, chini ya kitambaa, na dada alipokifunua akaona vidole vyake vitano vikipinda kiubavu, mahali ambapo binadamu hana kiungo, kimoja kimoja, polepole, vikipapasa mbao kama vinavyotafuta mwanya wa jiwe pa kuingia.

Hospitali hawakuona kitu. Shemeji aliona mtu wa kulaumu.

"Si ndiwe msomi wa madubwana haya?" alimfokea. "Haya, soma basi!"

Siku ya tatu akaletwa mganga, mama mnene wa miwani, simu kaibana kwapani. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa tangi, akakilamba.

"Nani alipangusa hapa?"

"Mimi."

"Umesoma?"

"Nina degree."

"Nilijua. Asiyesoma angeogopa."

"Basi tumwage chumvi, gunia zima!" shemeji alidakia.

"Kimeshatoka, baba. Mtafungia maji tu." Mganga alishusha sauti. "Jini huyu anataka mkono wa kukaa. Akipewa mwingine kwa hiari, humo humo tangini alimotokea, huu atauacha. Uwe mkono ambao nyumba haiutegemei."

Hakuna aliyetaja jina. Shemeji aliutazama mkono wa Digrii kama mtu anavyotazama tairi la akiba.

Digrii alikitazama kile kiumbe. Hakina ubongo. Hakina macho. Kinakula na kunya kwa tundu moja. Akazamisha mkono wa kulia mpaka kiwiko. "Haya. Chukua, mpumbavu wewe."

Kinywa cha dada kikafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ya adabu, ya ofisini.

"Huu una uzoefu gani?"

"Nini?"

"Mkono wa dada yako umeshona, umefua, umelisha, umesomesha. Wako umefanya nini?"

Swali hilo alishaulizwa ng'ambo ya meza nyingi, na kila mara alilijibu kwa Kiingereza cha kunyoosha. Sasa alifungua mdomo, Kiingereza hakikuja. Dada alikuwa akitokwa machozi juu ya maneno yasiyo yake.

"Haujafanya kitu," Digrii alisema. "Kitu chochote. Lakini ni wangu, nami nimeutoa. Muachie dada yangu, tafadhali."

Kisha kiti cha pweza kikakata mikono yake yote mitano kwa mpigo, ikazama mchangani. Dada akapiga ukelele, na vidole vyake vikanyooka. Jioni ile alitunga uzi kwenye sindano, akicheka, akilia. Mganga aliondoka upesi, bila kumuaga Digrii.

Asubuhi Digrii alijikuta kaketi mezani, kalamu mkononi. Mkono ulikuwa ukiandika. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wake.

*Kwa Meneja Rasilimali Watu. KUH: Maombi ya nafasi ya kukaa kwenu. Sihitaji mshahara. Nitaanzia chumba chochote.*

Zilikuwa barua ishirini na tatu, kila moja kwa ofisi iliyowahi kumwambia, "Nenda, tutakupigia."

Mkono ukaweka kalamu chini, ukatulia, ukisubiri. Wa kushoto ulikuwa wake bado, ungeweza kuzichana. Alizisoma zote, mara mbili, akijua vyema ni nani anayeomba kukaa, akayasoma na majina ya mameneja.

Kisha akainuka, akaenda kumwomba shemeji bahasha.