Ndoo Inashiba, Mama Ana Njaa

Umemwona. Usijifanye hukumwona. Ni yule anayepika, anapakulia watu wote, kisha anabaki jikoni na sufuria, akikwangua ukoko kwa mwiko. Wewe unageuza uso, unasema, "Mama zetu wana upendo jamani!" Upendo gani? Ile ni njaa. Tumeipa jina zuri tu ili tule kwa amani.

Sasa usigeuke. Sikiliza habari za Mama Pacha.

Mama Pacha ni fundi cherehani. Meza yake iko kibarazani. Pacha wake, wa miezi minne, hulala pembeni kwenye kapu kubwa la vitambaa. Ana pia binti wa miaka tisa. Mumewe ni fundi rangi. Mama mkwe anaishi nao, na sheria za nyumba ni zake.

Sheria ya kwanza: sufuria isiishe, mgeni asije akakuta patupu. Ya pili: mtu mwenye heshima hamalizi sahani. "Sahani nyeupe ni ya mwenye njaa," husema mama mkwe.

Basi kila mchana sufuria ilijaa wali na maharage. Kila mmoja alibakiza matonge mawili matatu, eti heshima. Kilichobaki sufuriani kilimngoja mgeni. Mgeni hakuja. Kufika jioni chakula kimechacha, kinamwagwa kwenye ndoo ya taka. Kuna friji ndogo, lakini ilikaa na chupa za maji tu. Kiporo, alisema mama mkwe, ni chakula cha watu waliokosa.

Na Mama Pacha? Alikula mwisho, amesimama. Ukoko na mchuzi.

Jumatatu moja, kliniki, muuguzi alimpima mama, kisha pacha. Akatazama kadi. Akawapima tena.

"Mama, watoto hawajaongezeka hata kidogo mwezi huu. Na wewe umepungua kilo tatu. Unakula nini?"

"Nakula tu."

"Nakula tu si chakula. Unanyonyesha wawili. Nyumbani kwenu wewe ndiye wa kula kuliko wote, na maji unywe ya kutosha. Rudi baada ya wiki mbili. Wasipoongezeka, tutawalaza."

Neno lile, *tutawalaza*, lilimfuata njia nzima. Hakwenda kwake. Alipiga hodi kwa jirani, Bibi Mizani. Jina hilo alipewa kwa sababu alipika katika jiko la hospitali miaka thelathini, na hata leo hapiki bila kupima.

"Bibi, maziwa yangu yanakauka. Na chakula nyumbani kipo."

"Kipo wapi?" aliuliza Bibi Mizani. "Kuwepo sufuriani si kuwepo tumboni. Chukua mizani yangu. Leo mchana kula kama kawaida yako, lakini pima sahani yako. Jioni pima ndoo. Kesho asubuhi njoo uniambie. Siku moja tu, hatuna muda wa kuchezea."

Asubuhi Mama Pacha alirudi na karatasi mkononi. Sahani yake: gramu mia mbili. Ndoo: kilo moja na robo.

Bibi Mizani alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Ndoo imekula mara sita yako! Kwenu ndoo ndiyo mwenye nyumba, mwanangu. Wewe ni mpishi wake."

Mama Pacha aliona aibu. Halafu aibu ikaondoka, hasira ikakaa mahali pake.

"Nifundishe," alisema.

"Mchele hupimwa ukiwa mkavu. Mtu mzima, gramu themanini. Bibi kizee, sitini zinamtosha. Mtoto wa miaka tisa, hamsini. Wewe, mia na ishirini, na maharage zaidi ya wote. Jumla?"

"Mia tatu na kumi."

"Na wewe ulikuwa unapika?"

"Mia saba."

"Haya. Pima mara moja, mimina kwenye kikombe, weka alama kwa rangi ya mumeo. Kesho huhitaji mizani. Pakua kidogo, anayetaka aongeze. Kilichoguswa sahanini hakirudi sufuriani. Kilichobaki safi sufuriani, kitandaze kwenye bakuli pana kipoe haraka, funika, tia kwenye friji kabla saa mbili hazijapita tangu kiive. Kiliwe kesho yake. Kipashe mara moja tu, kitoe mvuke mpaka katikati."

"Na wali ulioshinda kwenye joto tangu mchana?"

"Huo mwaga. Sumu yake haiondoki kwa kupasha. Asiye na friji apike kinachoisha, basi."

Mchana ule Mama Pacha alitandika mkeka. Alipakua sahani ya kwanza, akaijaza vizuri, akakaa, akaanza kula.

Mumewe alibaki na mkono hewani. "Hiyo si yangu?"

"Yangu. Yako inakuja."

"Makubwa!" alisema mama mkwe. "Mpishi anaanza? Na sufuria imekuwa ndogo hivi! Mgeni akija?"

"Mama, huyo mgeni tunamngoja mwaka wa kumi sasa. Akija nitampikia, mchele ninao."

"Watu watasema nini?" mume aliuliza.

"Waseme. Watu hawanyonyeshi."

Binti alicheka, akajiziba mdomo. Mama mkwe aligonga mkeka kwa kiganja. "Mimi nimelea watoto sita kwa ukoko! Mbona sikufa?"

Bibi Mizani alikuwa mlangoni, amefuata mizani yake. Hakusubiri kukaribishwa.

"Hukufa, shoga yangu. Lakini ulianguka pale bombani na mtoto mgongoni. Nani alikubeba? Huyu hapa mwanao ndiye aliyekuwa mgongoni. Ulipozinduka uliniambia una njaa. Ukaniapisha nisimwambie mtu. Nimenyamaza miaka thelathini na tano. Leo basi."

Mume alimgeukia mama yake. "Ni kweli, mama?"

Mama mkwe alichukua bakuli la maharage, akamwongezea mkwewe miiko miwili iliyojaa.

"Kula," alisema. "Usimalize kwa haraka, utapaliwa."

Siku ile sahani zilirudi nyeupe, na bakuli moja dogo likaingia kwenye friji. Kesho yake mume alipasha kiporo mwenyewe, akaunguza kidogo, akala bila kulalamika. Wiki mbili baadaye, muuguzi aliandika kwenye kadi: mmoja ameongezeka gramu mia tatu na themanini, mwingine mia nne na kumi. Hakuna aliyelazwa.

Na kwenu? Mpishi ni nani? Amekula nini leo? Hujui. Basi ondoka hapo ulipo, ingia jikoni sasa hivi. Pima mchele wa watu waliopo. Pakua sahani ya mpishi kwanza, umkalishe chini, na wewe usiguse chakula mpaka umemwona anatafuna.