Nilisema Halas Kabla ya Kufunga Mnyororo

Nina miaka ishirini na tatu. Mimi ni Mkenya wa Taita, na shule yangu iliishia darasa la nane. Kwa sasa ninaishi Jeddah, mtaa wa Al-Safa, katika chumba kidogo kando ya geti la familia ninayoiendeshea gari. Mimi si mtu wa maneno. Hata haya ninayoandika nimeyaanza mara nne nikaacha... Lakini ndugu wasomaji, jambo hili limenikaa kifuani karibu mwaka mzima, na limenishinda. Someni, kisha mnihukumu mnavyotaka.

Mimi na kaka Mwakio hatukuzaliwa tumbo moja. Tulitoka kijiji kimoja tu, naye alinitangulia Saudia kwa miaka mitano. Ni yeye aliyemwomba kafili wake, yaani bosi anayemdhamini, aniletee viza. Ni yeye aliyenipokea uwanja wa ndege wa Riyadh akanipeleka Al-Suwaidi, kwenye chumba tulichokaa pamoja, akanipa kitanda cha dirishani, yeye akalala karibu na mlango. Nyumbani alikuwa na mke, Mkawasi, na watoto wawili. Kila jioni aliwapigia simu, na mimi nikilala nikiwasikia wakimsimulia habari za kuku.

Alipenda kunitania kwa sababu ya ukimya wangu. “Wewe kijana, maneno unanunua dukani?” angeniuliza. “Toa hata moja la bure!” Nami ningecheka tu.

Kazi yetu ilikuwa ya dababu. Ndivyo wanavyoziita huku zile pikipiki za magurudumu manne, ambazo watu hukodi kupanda milima ya mchanga. Bosi wetu alikuwa nazo sita. Kila Ijumaa tulizipakia kwenye lori, tukazipeleka kwenye mchanga mwekundu nje ya Riyadh, wateja wakacheza, na kabla ya magharibi tukazipakia tena na kurudi.

Kucheza nazo ni rahisi. Kuzipakia ndiko kwenye hatari!

Dababu moja ina uzito wa kama wanaume wanne. Inapanda kwenye bodi ya lori kwa vyuma viwili virefu, kimoja kwa magurudumu ya kushoto, kingine kwa ya kulia. Kila chuma kina mnyororo wenye kulabu, nao lazima ufungwe kwenye lori. Usipoufunga, magurudumu ya dababu yanapovuta ili yapande, yanakisukuma chuma nyuma. Chuma kinachomoka. Na dababu inarudi na mtu wake...

Mwakio alinifundisha yote kwa subira. Kwanza rudisha lori hadi kwenye mwinuko, bodi iwe karibu na ardhi, vyuma visisimame wima. Vuta handbreki, weka mawe kwenye magurudumu. Funga minyororo, kisha ivute kwa mikono yako yote miwili uone kama imeshika. Mpandaji aweke gia ndogo, ainamie mbele, apande taratibu bila kusimama njiani. Na mtu yeyote asikae nyuma yake.

Tulikuwa na sheria moja ya sisi wawili. Aliye juu ya dababu haoni minyororo. Kwa hiyo hasogei hata kidogo mpaka aliye chini aseme halas, yaani tayari, nimemaliza. “Nikisikia halas yako, mimi sigeuki kutazama,” aliniambia. “Naenda.”

Mnaona alivyoniamini?

Kulabu ya mnyororo wa kushoto ilikuwa imepinda. Mwakio alimwambia bosi mara mbili, na mara mbili bosi akajibu bukra, kesho. Hiyo kesho haikufika. Basi tukawa tunaufunga mnyororo ule kwa waya, na kazi ya waya ilikuwa yangu.

Ijumaa ile, asubuhi tulipokuwa tukishusha, waya ulikatika. Niliuona kwa macho yangu. Mwakio alikuwa upande wa pili akiwagawia wateja kofia ngumu. Nilijiambia nitamwambia akimaliza. Akamaliza, akaanza kumfundisha mtoto wa mteja kushika breki. Nikajiambia nitamwambia wakati wa chakula. Tukala kuku na wali kwenye kivuli cha lori, akanisimulia kwamba mwanawe mdogo ameng'oka jino, na mimi nikamsikiliza... sikusema.

Mtauliza, neno moja tu, kwa nini lilinishinda? Hata mimi najiuliza. Mwezi wangu wa kwanza niliwahi kuomba tusubiri kidogo wakati wa kupakia. Bosi akaigiza sauti yangu mbele ya wageni, sauti nyembamba kama ya paka, na wageni wote wakacheka. Tangu siku hiyo, kila nilipotaka kusema jambo mbele ya bosi, nilikumbuka kicheko kile nikaacha.

Jioni wateja walikuwa rafiki wa bosi na familia yake. Walikuwa wameshakaa kwenye gari wakisubiri tuwafungulie njia, maana lori letu lilikuwa limeziba. Bosi alisimama pembeni akipiga makofi. “Yalla! Yalla! Mafi wakati!” Yaani haraka, hakuna muda.

Dababu tano zilikuwa zimepanda kwa vyuma vile, na mimi nikiwa nyuma, nimekikanyaga chuma cha kushoto kwa miguu yangu miwili badala ya kukifunga! Mara zote tano kilitulia. Nikaanza kuamini kwamba uzito wangu unatosha. Ya sita ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Mwakio akaikalia, akawasha, akainamia mbele. “Tayari huko?” akauliza.

Bosi akanikazia macho. Mtoto kwenye lile gari akapiga honi.

“Halas,” nikasema.

Hakugeuka kutazama. Alienda.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yamefika kwenye bodi nilipohisi chuma kikiteleza chini ya viatu vyangu. Nilikikandamiza kwa nguvu zangu zote. Nguvu gani, ndugu zangu? Kilichomoka kama sahani mkononi mwa mtoto. Nikaangukia mchangani upande mmoja, na dababu ikapinduka kinyumenyume, ikamwangukia Mwakio aliyekuwa tayari chini...

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Tuliiondoa mimi na bosi na yule rafiki yake, na Mwakio alikuwa amefumbua macho, akitazama mbingu, midomo ina mchanga.

Gari la wagonjwa lilipomchukua, akaja askari kuuliza. Sikujua Kiarabu cha kutosha. Bosi alizungumza naye kwa muda, kisha akanigeukia kwa yale maneno machache ya kazi tunayoelewana. Akaniuliza, nani alikuwa wa kufunga mnyororo? Kabla sijajibu, akajijibu mwenyewe. “Mwakio. Mwakio mwenyewe alisahau kufunga. Sawa?”

Nilijua kwa nini alisema hivyo. Kulabu mbovu ilikuwa yake. Ukweli ungesemwa, ingejulikana kwamba yeye bosi aliambiwa mara mbili. Lakini mimi je? Nilifikiria jela. Nilifikiria ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, kukatwa, nirudi kwa mama mikono mitupu. Askari akanitazama, kalamu iko juu ya karatasi.

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikutamka neno, ndugu wasomaji. Niliinamisha kichwa mara moja tu, na askari akaandika.

Siku ya nne niliruhusiwa kumwona hospitali. Daktari alikuwa ameshamweleza kwamba uti wa mgongo umevunjika na kwamba miguu yake haitarudi. Alikuwa amelala chali, mashavu yameingia ndani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa nimejiapiza nitamwambia kabla sijaketi.

Akaniwahi yeye.

“Sikumbuki kitu,” alisema. “Nakumbuka tulikula wali. Baada ya hapo giza. Bosi anasema siku hiyo nilitaka kuufunga mnyororo mwenyewe, nikasahau.” Akanishika mkono. Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni kwa vile alikuwa amelala. “Mdogo wangu, nisamehe! Ulikuwa nyuma pale. Ningekuua! Ningemwambia nini mama yako?”

Yaani mimi ndiye niliyeombwa msamaha!

Na nilijibu nini? “Usijali, kaka.” Hayo tu... Kisha nikammenyea chungwa.

Nilirudi mara tatu zaidi, na kila mara nilimmenyea machungwa. Nilipotaka kwenda tena, bosi aliniambia nikusanye nguo zangu, dada yake wa Jeddah anahitaji dereva. Nadhani hakutaka nikae karibu na kitanda kile. Nilimuaga Mwakio harakaharaka, gari likiningoja nje. Baadaye nikasikia amesafirishwa nyumbani kwa kiti cha magurudumu.

Huku Al-Safa madam, yule dada wa bosi, si mbaya. Nampeleka sokoni, nawapeleka watoto shule, naosha gari. Lakini Mwakio aliendelea kunitumia ujumbe wa sauti. Hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye habari za Riyadh. Aliniambia wamemtengenezea njia ya mbao hadi chooni. Aliniambia baba yake anawaeleza wageni wote kwamba mwanawe aliharibika kwa uzembe wake. Aliniambia Mkawasi humhudumia vizuri, ila siku akichoka humwambia, “Kamnyororo tu, Mwakio! Umetuacha hivi kwa kamnyororo!”

Nilikuwa nasikiliza nikiwa nimejifungia ndani ya gari la madam, vioo juu.

Halafu ikaja ile ya mwisho. Alisema, “Watoto waliniuliza kwa nini sitembei. Nimewaambia ukweli. Nimewaambia baba yenu siku moja hakufanya kazi yake sawasawa, aliona uvivu. Ni vizuri wajue.”

Siku hiyo sikula.

Ijumaa nikaenda Sharafiya, hapahapa Jeddah, kwenye duka la simu ninakonunulia bando. Fundi wa pale ni mzee mmoja wa Kizanzibari, mcheshi. Nilisimama kando ya meza yake na simu mkononi, nabonyeza, nafuta, nabonyeza, nafuta.

“Wewe baba, mbona waishika simu kama umeshika kaa la moto?” akaniuliza. “Mchumba kakukataa?”

“Kuna mtu nimemkosea,” nikasema. Sijui nilitoa wapi ujasiri.

“Yeye ajua?”

“Hajui.”

Aliweka chini bisibisi yake. Hakucheka. “Basi keti hapo ndani penye kiti, upige. Mie ntawazuia wateja.”

Nilipiga. Mwakio alipokea kwa furaha, “Bubu wangu! Leo umepiga mwenyewe?” Nyuma yake nilisikia watoto. Nikamwambia yote bila kupumzika. Waya uliokatika, chuma nilichokikanyaga, halas niliyoisema, kichwa nilichokiinamisha mbele ya askari, machungwa.

“Rudia,” akasema. “Rudia polepole.”

Nikarudia.

“Kwa hiyo sikusahau?”

“Hukusahau, kaka. Haikuwa kazi yako. Ilikuwa yangu.”

Nikamsikia akivuta pumzi kama mtu aliyetoka ndani ya maji. Kisha akapaza sauti, “Mkawasi! Njoo! Mwite baba! Waiteni watoto, wote waje hapa!” Akaniambia, “Nimeweka sauti ya juu. Sema tena.”

Mimi, ambaye siwezi kuomba maji mezani kwa watu! Nilisema mbele ya mkewe. Mwakio akamuuliza baba yake kama amesikia vizuri, mzee akasema hapana, nikasema tena kwa sauti kubwa zaidi, hadi watu wa dukani wakageuka kunitazama. Nilimsikia Mkawasi akilia kilio kisicho na maneno. Nikamsikia mtoto akiuliza, “Kwa hiyo baba hakuwa mvivu?”

“Hakuwa!” nikasema mimi. “Baba yako hakuwa mvivu hata siku moja!”

Mwakio akaizima ile sauti ya juu. Tukabaki wawili.

“Asante,” akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia sana. “Umenirudishia kitu. Sasa usinipigie tena.”

Akakata.

Nimemwandikia mara nyingi tangu hapo. Ujumbe hauendi. Nilimpigia bosi Riyadh nikamsihi twende tukabadilishe yale maandishi ya askari. Alicheka, akasema yameshafungwa, na kwamba nikitaka kusumbua atamwambia dada yake anirudishe Kenya siku hiyohiyo. Nimejaribu kuuliza kwa wengine, kila mtu ananielekeza kwa kafili. Na kafili ni yeye! Nitafanya nini? Mwili wa Mwakio siwezi kuurudisha. Jina lake Riyadh siwezi kulisafisha. Nimebaki nikiosha gari la watu.

Nawasihi ninyi mnaofanya kazi za kupakia na kupakua, iwe ni dababu, trekta au kitu chochote chenye injini. Funga kwanza, vuta uone, ndipo ufungue mdomo. Mwenzako ameweka uti wake wa mgongo kwenye neno lako. Bosi akipiga kelele, apige.

Lakini zaidi nawasihi ninyi ambao, kama mimi, mmeshakosea na mmenyamaza. Labda saa hii umeketi kando ya kitanda cha mtu unamenya chungwa, naye anajilaumu kwa kosa lako. Liweke chini hilo chungwa! Mwambie leo, angali hospitali, kabla hajafika nyumbani na kuwaeleza watoto wake.